Tarakimu Tisa Zinazowasha Taa

Kadiri unavyoshuka kutoka nyanda za juu za Mbulu, ambako nyumba na mashamba ya Wairaqw yamebanana, kuelekea bonde la Yaeda, kaya zinazidi kuachana. Hanang nako ni hivyohivyo ukishaiacha Katesh na kuingia kwenye maboma ya Wabarabaig. Kazi ya kusambaza umeme sasa inahesabiwa kwa vitongoji, 64,359 kwa Tanzania Bara, lakini waya wa kufikia boma moja la pembeni ni ghali mno. Familia ya huko ikitaka kuachana na kibatari, njia ya karibu ni sola ya mkopo: unatoa kianzio, kisha unalipa kidogo kidogo kwa simu.

Biashara hii ilikua mapema Arusha, ambako Off-Grid Electric ilianza mwaka 2012. Inasimama juu ya kufuli. Mtambo unahesabu siku ulizolipia, zikiisha, unazima. Kwa miaka mingi kampuni zilijitengenezea kila moja kufuli lake na kulificha. Mwaka 2019 Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa na wateja wengi nchini, iliingia kwenye taratibu za ufilisi kabla ya kununuliwa na Engie. Asingepatikana mnunuzi, nani angewafungulia wateja mitambo waliyoilipia nusu?

Asasi ya EnAccess, inayofadhili programu huria za nishati, iliweka fedha kwenye kufuli lenyewe. Solaris Offgrid, kampuni iliyowahi kufanya kazi ya sola ya mkopo Tanzania, ikaweka hadharani OpenPAYGO Token, kufuli ambalo kiwanda chochote kinaweza kulichukua bure.

Inafanya kazi hivi. Kila mtambo unahifadhi ndani yake ufunguo wa siri na namba ya kuanzia, na kompyuta ya muuzaji inavyo vilevile. Mteja akilipa, kompyuta huipitisha namba hiyo pamoja na ufunguo kwenye kanuni ya hisabati iitwayo SipHash, tena na tena, kulingana na tokeni zilizokwisha kutolewa. Idadi ya siku hufichwa kwenye tarakimu tatu za mwisho. Matokeo ni tokeni mpya ya tarakimu tisa. Mteja akizibonyeza, mtambo unarudia hesabu ileile. Majibu yakilingana, taa zinawaka. Mtambo wenyewe hauhitaji intaneti wala laini ya simu. Ujumbe unaweza kupokelewa mnadani Katesh, namba zikaandikwa kwenye karatasi na kufika bomani jioni. Tokeni moja ikipotea njiani, mtambo unaruka hatua kadhaa mbele kuitafuta inayofuata. Iliyokwisha kutumika unaikataa. Ninachokithamini zaidi ni 998 inayowekwa mahali pa idadi ya siku: tokeni yake ikiingizwa, kufuli linaondoka kabisa na mtambo unabaki mali ya mwenye nyumba.

Kuianika kanuni hakumsaidii mwizi. Siri iko kwenye ufunguo, na kila mtambo una wake.

Nautetea uamuzi wa EnAccess wa kuweka fedha kwenye kufuli. Paneli na betri mteja atazilipia mwenyewe, hata kwa miaka mitatu. Kufuli la pamoja hakuna kampuni itakayoligharamia peke yake ili washindani walitumie, kwa hiyo hapo ndipo ruzuku inapostahili kwenda. Fundi wa Babati anayetaka kuuza sola ya mkopo hana sababu ya kutafuta mtaji wa kubuni upya hesabu ambazo zimeshafanywa na kujaribiwa.

Wasiwasi wangu ni matunzo. LUKU, mfumo wa umeme wa kulipia kabla, nayo inatumia kufuli la pamoja, kiwango cha kimataifa cha STS chenye tokeni za tarakimu 20. Kabla ya tarehe 24 Novemba 2024 mita zililazimika kuboreshwa kwa sababu kihesabu cha muda cha kiwango hicho kilikuwa kinafika ukingoni, na wateja wakaingiza tarakimu za ziada walizopewa na TANESCO. Huko shirika la kuisimamia kazi hiyo lilikuwapo, lenye watumishi na bajeti. Ruzuku ya programu huria kwa kawaida huisha ripoti inapowasilishwa, ilhali mtambo ulioko Yaeda Chini utakuwa ukutani miaka kadhaa zaidi. Wafadhili waanze kulipia miaka hiyo pia, na sehemu ya fedha iende Chuo cha Ufundi Arusha, kwa vijana watakaoisoma kanuni hiyo mstari kwa mstari na kuirekebisha itakapoharibika.