Kibuyu cha Bariadi na jani la Hiroshima

Anayegandisha maziwa nyumbani Bariadi, mkoani Simiyu, hamwagi yote. Hubakiza kidogo chini ya kibuyu, humimina mapya juu yake, na kesho yake hukuta mgando mwingine. Hicho kidogo ndicho mbegu: bakteria wanaokula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Ni bakteria gani hasa, kibuyu hakisemi.

Huko Hiroshima, Japani, kikundi cha Masanori Sugiyama na Narandalai Danshiitsoodol kilianzia kwenye ufundi huohuo, ila kwa bakteria mmoja anayejulikana hadi ukoo wake: Lactobacillus plantarum SN13T, aliyetolewa kwenye jani la mgomba. Hakupewa maziwa. Alipewa dondoo la majani ya stivia, mmea unaokoleza chai utamu bila sukari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025.

Kilichotokea ndani ya chupa ndicho kinachovutia. Stivia ina asidi ya klorojeniki, ileile iliyomo kwenye kahawa. Baada ya kuchacha, asidi hiyo ilipungua mara sita, na ikaonekana esta yake ya metili. Badiliko lenyewe ni dogo mno: kaboni moja na haidrojeni mbili zimeongezeka kwenye molekuli, basi. Lakini seli za saratani ya kongosho zilizokuzwa maabara zilipowekewa dondoo lililochachushwa, zilikufa kwa wingi kuliko zilizowekewa dondoo bichi. Seli za figo zisizo za saratani zilidhurika kidogo tu. Wauza dawa za asili hupenda kusema kuchachusha "huiongezea dawa nguvu". Hapa kumetokea jambo jingine: bakteria ametengeneza kitu kipya kwa vimeng'enya vyake. Ukimbadilisha bakteria, huenda kitu hicho usikipate kabisa.

Jirani na Simiyu, upande wa Mwanza, bakteria wa kuchagua wameshafika kwa binadamu, japo si kwa saratani. Watafiti wa Kanada na wenzao wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Tanzania, walitumia mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus GR-1, na wajawazito wakapewa uliotiwa mlonge. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, lenye wajawazito 60 na watoto wa shule 44, sumu za zebaki na aseniki hazikupanda kwenye damu ya wajawazito walioutumia kama zilivyopanda kwa wenzao. Kwa watoto, tofauti haikuthibitika.

Wasomaji wengi wanakumbuka kikombe cha dawa ya asili cha Samunge, Loliondo, mwaka 2011: mizizi ya mugariga iliyochemshwa, shilingi 500, foleni ya magari isiyoisha. Kilichokosekana pale ni kikombe cha pili, cha kulinganishia. Hiroshima walikuwa nacho: dondoo bichi, kando ya lililochacha.

Hata hivyo, seli ndani ya kisahani hazina tumbo wala ini la kuivunjavunja esta hiyo kabla haijafika kwenye kongosho. Ndiyo maana watafiti wenyewe wanasema hatua inayofuata ni kujaribu kwa panya. Mgonjwa wa Bariadi anayepelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa mionzi hana cha kusubiri hapo kwa sasa. Na atakayeloweka stivia kwenye kibuyu chake atakuwa na jani tu. SN13T hana, wala kipimo cha kumwonyesha kama esta imepatikana.