Mu Nyumba Bila Kufika Ku Nyumba: Kasoro ya Filamu "Desperate Hours" (1990)

1. Utangulizi

Kwa kawaida kurasa hizi huzungumzia methali, majina ya watu na ya mahali, ngano na riwaya. Safari hii tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu ili tuzungumzie filamu ya Kimarekani, tena filamu ambayo haikufaulu. Sababu yake ni neno la mwanafunzi mmoja. Tulikuwa tumeitazama "Desperate Hours" ya Michael Cimino katika kikundi kidogo cha mazoezi ya uhakiki. Taa zilipowashwa, mwanafunzi huyo, mkazi wa Katuba, alisema: "Mwalimu, usiku ule majambazi walipovunja mlango wa jirani yetu, sikuona kitu chochote. Nilisikia tu, na niliogopa hadi asubuhi. Hapa nimeona kila kitu, bastola, damu na vilio, lakini sikuogopa. Kwa nini?"

Swali hilo linastahili jibu. Haitoshi kujibu kwamba filamu ni mbaya, kwa maana kusema hivyo si kuhakiki bali ni kulalamika. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba kasoro ya filamu hii ina mahali pake maalumu, na kwamba lugha yetu inatusaidia kupaona mahali hapo. Kiswahili sanifu hutofautisha "nyumba" na "nyumbani". Sisi wa Lubumbashi, katika mazungumzo ya kila siku, hatutumii sana kiambishi "-ni". Tunasema "mu nyumba" tukitaja ndani ya jengo, na "ku nyumba" tukitaja mahali tunapotoka asubuhi na tunaporudi jioni, palipo na watu wetu. Mtu anaweza kuwa mu nyumba ya mwenzake mwaka mzima bila kuwa ku nyumba hata siku moja. Maoni yetu ni haya: Cimino ametuingiza mu nyumba, lakini hakutufikisha ku nyumba. Na pasipo nyumbani, uvamizi hauna cha kuvamia.

2. Asili ya hadithi

Hadithi yenyewe si ya Cimino. Mwandishi Joseph Hayes aliitoa kwanza kama riwaya mwaka 1954. Mwaka 1955 ikachezwa jukwaani New York, Paul Newman akiwa kiongozi wa wavamizi na Karl Malden akiwa baba mwenye nyumba. Mwaka huohuo William Wyler akaitengenezea filamu, "The Desperate Hours", maana yake saa za kukata tamaa, akiwa na Humphrey Bogart na Fredric March. Msuko wake ni mwepesi kueleza: wafungwa watatu watoro wanaingia katika nyumba ya familia ya kawaida na kuishika mateka, huku wakimngoja mwanamke atakayewaletea fedha.

Kabla ya riwaya hiyo kulikuwa na visa vya kweli. Kimoja kilitokea Pennsylvania mwezi wa Septemba 1952. Wafungwa watatu watoro waliishika familia moja yenye watoto watano kwa muda wa saa 19, kisha wakaondoka bila kumdhuru mtu. Baba wa familia aliwaambia waandishi wa habari kwamba wafungwa wale walikuwa na adabu. Lakini katika riwaya ya Hayes, baba na mwana wanapigwa, na binti anatukanwa matusi ya aibu. Mwaka 1955 gazeti la Life likawapeleka waigizaji wa tamthilia hadi kwenye nyumba ileile ya Pennsylvania, ambayo familia ilikuwa imekwisha kuihama, likawapiga picha wakiigiza ukatili ambao haukutokea humo. Familia ikashtaki. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na wakili aliyeitetea familia mbele ya majaji alikuwa Richard Nixon, ambaye baadaye angekuwa rais. Mwaka 1967 mahakama hiyo iliamua kwa faida ya gazeti. Jina la familia limo katika vitabu vya sheria, lakini hatutaliandika hapa, kwa kuwa kuachwa kwa amani ndiko walikokuomba.

Tunakikumbusha kisa hicho kwa sababu kinatufundisha jambo moja juu ya aina hii ya filamu. Familia ile ilivamiwa mara mbili. Mara ya kwanza walivamiwa na wafungwa, na mara ya pili na watazamaji. Kila msanii anayeigusa hadithi hii anakuwa mgeni wa tatu mlangoni. Ni wajibu wake kutuonyesha kwamba amekuja kwa ajili ya wenyeji, si kwa ajili ya bastola.

3. Baiskeli na kibao

Tulinganishe sasa jinsi nyumba inavyochaguliwa katika filamu hizi mbili. Katika filamu ya Wyler, kiongozi wa watoro, Glenn Griffin, anaona baiskeli ya mtoto imelazwa kwenye majani mbele ya nyumba. Hiyo inamtosha. Palipo na mtoto, wazazi hawatathubutu kufanya ujasiri wa kipumbavu. Kitu kile kile kinachotuonyesha upendo wa nyumba ndicho kinachomfungulia adui mlango. Baiskeli ni ishara ya "ku nyumba", na Griffin ameisoma sawasawa.

Katika filamu ya Cimino, Michael Bosworth, anayechezwa na Mickey Rourke, anachagua nyumba yenye kibao cha kutangaza kwamba inauzwa. Mtazamaji wa miji yetu hawezi kukipita kibao hicho hivihivi. Sisi tumezoea kuona kuta zilizoandikwa kinyume chake kwa rangi nzito: nyumba hii haiuzwi. Maandishi hayo huwekwa pale ambapo ndugu wanagombania urithi, au pale ambapo mtu amekwisha jaribu kuuza kisicho chake. Ukuta wa namna hiyo unatuambia kwamba humo ndani kuna vita vya damu moja, na kwamba mtu fulani yuko tayari kulala mlangoni ili pasipotee. Kibao cha Cimino kinatangaza kinyume: hapa watu wamekwisha kuondoka kwa moyo, bado miili tu.

Je, si wazo zuri? Ni zuri sana. Tim Cornell, anayechezwa na Anthony Hopkins, ametengana na mkewe Nora, anayechezwa na Mimi Rogers, kwa sababu ya mwanamke kijana. Siku ya uvamizi amekuja kujaribu kupatana naye. Kwa hiyo wavamizi wanamkuta mume ambaye yeye mwenyewe ni mgeni katika nyumba yake. Hapo palikuwa na filamu kubwa. Mtu aliyeivunja nyumba yake kwa mikono yake anawezaje kuitetea mbele ya mvunjaji mwingine? Je, mke atamwona nani kuwa mvamizi wa kwanza? Ni jambo la kusikitisha kwamba Cimino ameyaweka maswali hayo mezani, kisha akaondoka bila kula. Ugomvi wa Tim na Nora unatajwa, unapigiwa kelele, halafu unasahauliwa kila bastola inapoonekana. Mwishoni watu hawa wanarudiana bila sisi kuona ni saa ngapi, wala kwa tendo gani, mmoja alianza kumwamini mwenzake tena.

Wyler, kwa upande wake, anatupa muda. Kabla ya hatari kuingia, tunaishi asubuhi moja pamoja na familia ya Hilliard: chai, haraka ya kwenda kazini, binti mwenye mchumba, mtoto wa kiume anayejiona mtu mzima. Baadaye watoro wanamruhusu baba kutoka kwenda mjini. Mlango uko wazi, barabara iko wazi, polisi wako karibu, naye anarudi kwa miguu yake kwenye utumwa. Hakufungwa kwa kamba. Amefungwa na neno "ku nyumba". Tukio hilo lina taharuki kuliko risasi zote za mwaka 1990.

4. Mhusika mkuu ni nani?

Kasoro ya pili yatokana na ya kwanza. Nyumba isipokuwa na mwenyewe, jicho la kamera humfuata yule anayepiga kelele zaidi. Bosworth wa Rourke ni mvamizi mtanashati, mwenye maneno laini yanayogeuka hasira bila onyo. Anaachiwa nafasi yote. Hopkins, ambaye mwaka uliofuata angewatetemesha watazamaji wa dunia nzima katika "The Silence of the Lambs" akiwa karibu hatikisiki, hapa anaachwa apaaze sauti tu. Hatusemi kwamba waigizaji hawa hawakuwa na uwezo. Tunasema kwamba hawakupewa uhusiano. Wyler aliwaweka Bogart na March katika mizani moja: kila alilofanya mmoja lilibadilisha uzito wa mwingine. Mwishoni baba Hilliard, mtu mpole, anagundua kwamba yuko tayari kuua, na kwamba chuki hiyo ameipandikiziwa na mgeni wake. Anamshikia Griffin bastola, lakini hampigi, anamfukuza. Kumwambia mtu atoke nyumbani mwako ni maneno madogo, lakini pale yana uzito wa hukumu, kwa sababu anayeyatamka amekuwa mwenye nyumba upya.

Cimino anao pia mwisho unaofanana na huo: bastola isiyo na risasi, mvamizi kutolewa nje, polisi wakingoja. Umbo limehifadhiwa, maana imepotea. Cornell anamtoa Bosworth nje ya nyumba ambayo hatujajua kama anaitaka.

Kasoro ya tatu ni ya mahali. Hadithi ya uvamizi hutegemea kuta. Kila mara kamera inapotoka nje, mtazamaji anapumua. Wyler anatoka pia, anatupeleka kwa polisi, lakini kila anachokiona nje kinatuongezea hofu ya ndani. Cimino anapenda milima, anga na mito ya Marekani ya magharibi, na mapenzi hayo yanaonekana. Mmoja wa wavamizi, Albert, anaiacha nyumba na kwenda kufa mtoni kwa risasi za polisi. Kwa macho, hilo ndilo tukio zuri kuliko yote katika filamu. Kwa hadithi, ni mlango ulioachwa wazi na joto lote likatoka.

5. Utetezi wa Cimino

Haki inatutaka tumsikilize mshtakiwa. Mtetezi wake angeweza kusema: familia ya mwaka 1955 ilikuwa ndoto ya tabaka la kati la Kimarekani, safi kupita kiasi, yenye mama asiyekosea na baba mwenye hekima, Cimino amethubutu kuonyesha familia ya kweli ya wakati wake. Tunaikubali nusu ya kwanza ya hoja hiyo. Nyumba ya Hilliard ni safi mno. Mzoa taka anayeuawa na watoro katika filamu ya Wyler hapewi machozi mengi, na mhakiki wa leo ana haki ya kuuliza ni nyumba za nani zinazohesabiwa kuwa nyumbani. Lakini nusu ya pili hatuwezi kuikubali. Kuonyesha familia iliyovunjika si sawa na kutoijali. Nyumba zenye ugomvi ndizo zenye mengi ya kupoteza. Kuta zetu zilizoandikwa "haiuzwi" ni ushahidi.

Tena, huyu si msanii mdogo. Mwaka 1978 alitengeneza "The Deer Hunter", iliyompatia tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora, na ambamo anatumia muda mrefu mno kwa arusi kabla ya vita, ili tujue ni nini vita vitakuja kukiharibu. Alijua basi kanuni hii kuliko sisi. "Heaven's Gate" ya 1980 ilimwangusha kwa gharama zake, na tangu hapo alifanya kazi chini ya macho ya watu waliohesabu kila dakika. Huenda asubuhi ya familia ya Cornell ilipotea katika hesabu hizo; huenda yeye mwenyewe aliiona haina maana. Sisi tunahukumu kile kilicho mbele yetu. "Desperate Hours" haikupata hata dola milioni 3 katika kumbi za Marekani, na Cimino, aliyefariki mwaka 2016, alitengeneza filamu ndefu moja tu baada yake.

6. Hitimisho

Tumrudie mwanafunzi wetu wa Katuba. Usiku ule hakuona bastola wala sura ya mvamizi. Lakini alimjua jirani. Alijua mlango ule unavyolia ukifunguliwa asubuhi, alijua nani hulala katika chumba cha mbele, na mtoto yupi huogopa giza. Kila pigo la mlango lilikuwa na jina. Ndiyo maana aliogopa. Katika filamu hii aliona kila kitu isipokuwa hayo.

Somo hili si la filamu peke yake. Wengi wa wanafunzi wetu wanaandika hadithi fupi, na wengi wao, kwa sababu tunazozijua sote, wanaandika juu ya milango iliyovunjwa usiku. Tunawasihi wasianze na mlango. Waanze na sufuria iliyo motoni, na deni la karo, na maneno ambayo mume na mke walikuwa hawajamaliza kusemezana. Watufikishe kwanza ku nyumba. Baada ya hapo, hata hodi ya mtu mmoja gizani itatosha kututetemesha.