Fumbo la Mfungwa: Shairi "Mamba"

Mtahiniwa, ukiulizwa dhamira ya shairi "Mamba" katika diwani ya Sauti ya Dhiki, usikomee kwenye "majivuno ni mabaya". Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka wa 1969 kwa sababu ya waraka "Kenya: Twendapi?", akaachiliwa 1972. Mashairi haya aliyaandika gerezani kwa siri, kwenye karatasi za chooni. Hapo fumbo si pambo, ni kinga. Mamba anayetakabari mtoni akidhani ataishi milele, mimi namsoma kuwa ni mtawala. Mwalimu, wape wanafunzi tarehe hizi kabla ya kuwauliza tamathali. Usisahau kichekesho hiki: diwani ilichapishwa 1973, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi!