Adhabu Iliyofutwa

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Usemi huo niliupima mezani kwangu mjukuu wangu alipokuja likizo kutoka Uingereza, wanakoishi wazazi wake, akiwa na karata za mchezo uitwao Magic: The Gathering. Alistaajabu nilipofungua sanduku la bati na kutoa fungu langu mwenyewe, nililopewa mwaka 1995 na kijana wa nyumba niliyopanga nilipokuwa masomoni huko huko.

Mchezo huu ulibuniwa na Richard Garfield, mwanahisabati wa Kimarekani, ukaanza kuuzwa mwaka 1993. Haufanani na karata za barazani, ambapo wote hugawiwa kutoka fungu moja. Hapa kila mchezaji huja na fungu alilolichagua mwenyewe, karata kwa karata, naye hujifanya mchawi mwenye pointi 20 za uhai. Karata za ardhi humpa nguvu iitwayo mana. Kwa mana hiyo huita majoka, askari na radi za kummaliza mwenzake. Uzuri wa mchezo, kwa maoni yangu, umo katika hesabu hiyo ya mapato na matumizi.

Fungu langu lilitegemea karata moja, Mana Flare. Ikiwa mezani, ardhi inayotoa mana moja hutoa mbili, tena kwa wachezaji wote wawili. Msomaji atauliza: faida iko wapi, ikiwa adui naye anashiba? Jibu lilikuwa katika kanuni ya zamani: mana isiyotumika ilimuunguza mwenyewe, pointi moja ya uhai kwa kila mana iliyobaki. Mimi nilikuwa na Fireball, karata ya moto inayomeza mana yoyote uliyo nayo. Mwenzangu mwenye karata ya gharama ya tatu au saba alibaki na mana moja ya kumchoma.

Basi zamu yangu ya tatu nikaiweka Mana Flare. Ilipofika zamu yake, mjukuu akatumia ardhi nne, zikampa mana nane, akaita joka la mana saba. Nikamwambia kwa sauti ya darasani, "Punguza pointi moja."

"Babu, kanuni hiyo ilifutwa mwaka 2009," akajibu kwa upole. "Inayobaki inapotea tu."

Fireball haikuja mkononi. Joka likanimaliza, nami ndiye niliyelilisha.

Watetezi wa mabadiliko hayo husema kwamba kanuni ile ilitokea kutumika mara chache, na ilikuwa mzigo kwa mgeni. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba Mana Flare ilikuwa karamu yenye masharti, na leo ni karamu tu. Mchezo umekuwa rahisi kufundisha, lakini karata hii imepoteza nusu ya akili yake.

Ningeishia hapo, lakini usiku ule sikupata usingizi. Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza nilikuwa na kanuni yangu: mwanachuo asiye na andalio la somo haingii darasani. Siku moja ya mazoezi ya kufundisha, binti mmoja alifika amelowa chapachapa, andalio lake limekuwa uji mkononi. Somo alilijua. Nilimzuia mlangoni, na watoto wakakaa dakika 40 bila mwalimu. Kanuni iliyowekwa kulinda muda wao ndiyo iliyoula. Sikumwomba radhi.

Kesho yake nilimwomba mjukuu tucheze tena kwa kanuni ya zamani. Alikubali. Kabla ya kugusa ardhi alihesabu midomo ikichezacheza, akaoanisha karata ya tatu na ya tano ili mana nane ziishe zote. Hakuungua hata mara moja, na alinishinda tena.

Nimebaki na maoni mawili, na sioni haja ya kuyapatanisha. Kanuni ile ilimfunza kijana kupima kabla ya kuchukua, na kwa hilo naisikitikia. Lakini mimi sikuipenda kwa sababu inafunza. Niliipenda kwa sababu wakati wote nilikuwa nasubiri mwenzangu akosee.