Loisaida: Shairi Lililoupa Mtaa Jina

Mashairi yanayosifu mahali ni mengi. Yaliyopapa mahali jina ni machache. Miongoni mwa hayo machache ni "Loisaida", alilolitunga Bittman Rivas, maarufu kwa lakabu ya Bimbo, mwaka 1974 jijini New York. Sehemu ya kusini-mashariki ya kisiwa cha Manhattan ilijulikana kwa Kiingereza kuwa Lower East Side. Wahamiaji wa Puerto Rico walilitamka jina hilo kwa lafudhi ya Kihispania, na Rivas akaitia tamko hilo katika shairi.

Kabla yao walikwishapita hapo Wajerumani, Waayalandi, Wataliano na Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Wapuerto Rico walikuwa raia wa Marekani tangu 1917, lakini wengi wao walifika baada ya Vita Vikuu vya Pili, wakitafuta kazi viwandani. Walirithi majengo makuukuu. Katika miaka ya 1970 wenye nyumba wengi waliyatelekeza, na mengi yakateketea kwa moto.

Wapo wahakiki wanaoliona shairi la lugha mbili kuwa ni lugha iliyovunjika. Rai hiyo haisimami. Utohozi una kanuni zake: neno geni hupita katika sauti za mwenyeji ndipo likubalike. Apokeaye jina kama alivyopewa hubaki mpangaji wa jina hilo. Alitamkaye kwa ulimi wake hulimiliki. Rivas aliusifu mtaa wakati una majivu, na hapo ndipo sifa zake zinapopata uzito. Kukisifu kinachotupwa na wenzio ni kutangaza kwamba ni chako. Wakaazi nao walitangaza hivyo kwa mikono: jengo namba 519 la Mtaa wa 11 Mashariki walilikarabati kwa jasho lao, na mwaka 1976 wakasimamisha kinu cha upepo juu ya paa.

Rivas hakuwa peke yake. Mnamo 1973 Miguel Algarín alianza kuwakusanya washairi nyumbani kwake, ikazaliwa Nuyorican Poets Cafe. Na mwaka 1975 yeye na Miguel Piñero wakachapisha diwani ya washairi hao.

Hata hivyo, mhakiki mwadilifu hana budi kuutaja mpaka wa shairi. Mwaka 1987 Barabara ya C ilipewa rasmi jina la Loisaida Avenue. Wakati huohuo kodi za nyumba zilikuwa zikipanda, na mwaka 1988 polisi na waandamanaji walipambana katika bustani ya Tompkins Square. Jina lilipanda kwenye kibao huku wengi wa waliolizoesha masikio ya watu wakihama.

Je, shairi limeshindwa? Sidhani. Shairi halilipi kodi wala halizuii mlango usifungwe. Lakini kila akisomaye kibao kile analazimika kulitamka jina kwa lafudhi ya waliohamishwa, na kwa kulitamka anakiri kwamba walikuwapo. Hiyo ndiyo kazi ya malenga, na Rivas aliitimiza.