Shina Moja, Maana Mbalimbali

Wapo wafasiri wanaoshikilia kwamba maneno ya lugha zenye asili moja yaweza kufasiriwa kwa kukisia tu. Hatukubaliani nao. Neno la Kilatini ventus, yaani upepo, limerithiwa wazi: Kiitalia na Kireno husema vento, Kihispania viento, Kifaransa vent, Kiromania vânt. Lakini kutokana na shina hilo Kihispania kiliunda ventana, yaani dirisha, ilhali Kifaransa kina fenêtre na Kiitalia finestra, yote mawili kutokana na fenestra ya Kilatini. Tena venta ya Kihispania ni mauzo, wala haina upepo ndani yake. Ya Kireno ni tundu la pua. Basi shina humwelekeza mfasiri tu. Maana huthibitishwa na matumizi.