Ukwapi na Utao wa Foronya za Kagera

Foronya mbili zimelazwa juu ya kitanda kimoja. Ya kushoto imedariziwa kwa uzi mwekundu maneno "Lala salama mpenzi". Ya kulia, "Usiku mwema mpenzi". Vitanda vya namna hii vimo Bukoba mjini, na vimo Kamachumu, Nshamba na Rubya katika wilaya ya Muleba. Aghalabu macho huyapita maneno hayo kama yanavyoyapita maua yaliyoyazunguka. Mpenzi wa ushairi hana ruhusa ya kupita hivyo. Yeye na ahesabu. La-la-sa-la-ma-m-pe-nzi: mizani 8. U-si-ku-mwe-ma-m-pe-nzi: mizani 8. Kila foronya ni kipande kamili cha utendi, na zikiwekwa ubavu kwa ubavu, moja ikawa ukwapi na nyingine utao, hufanya mshororo mmoja wa mizani 16 wenye kina cha kati na kina cha mwisho.

Haina maana kwamba mshonaji alihesabu kwa vidole. Sikio lililokulia kwenye nyimbo za shule na za kanisani hupata kipimo chake bila kuambiwa, na maneno yasiyokaa vizuri sikioni hayadumu kwenye kitambaa; mwaka unaofuata mtu hashoni tena yale yale. Kilichobaki ni kile kilichochujwa na mikono mingi.

Malenga wa pwani atatoa dosari mara moja: kina kimepatikana kwa kurudia neno lile lile, na neno moja kujifungia kina lenyewe ni uvivu. Dosari hiyo ingesimama lau mpenzi wa kushoto angekuwa ndiye mpenzi wa kulia. Siye. Anayeambiwa alale salama ni mmoja, anayetakiwa usiku mwema ni mwingine, na neno limebaki moja kwa sababu kila mmoja humwita mwenzake hivyo hivyo. Hapa pana majibizano. Ajabu yake ni kwamba pande zote mbili zimeshonwa na mkono mmoja. Mke amedarizi salamu yake, kisha akadarizi na jibu. Kama mume hana desturi ya kutamka neno hilo, na wanaume wengi hawana, basi foronya ya kulia imemtamkia, kila usiku, kwa maandishi aliyochaguliwa na mwingine. Utungo unaoonekana kuwa wa mapenzi yaliyotimia huenda ni utungo wa madai.

Pwani ilikwisha kukubali zamani kwamba nguo husomwa. Saida Yahya-Othman alipochapisha mwaka 1997 makala yake juu ya majina ya kanga na sauti ya mwanamke katika jamii ya Waswahili, alikuwa akiandika juu ya jambo ambalo kila nyumba ya Unguja inalijua: mtu husema kwa kanga asiyoweza kuyasema kwa kinywa. Hata hivyo kanuni za kanga zikihamishiwa kwenye foronya zitaipotosha. Jina la kanga hupigwa chapa kiwandani, na hekima ya mvaaji imo katika kuchagua na katika kujua siku ya kuvaa. Kanga hutoka nje. Hutembea mbele ya jirani, wifi na mke mwenza, na mlengwa anaweza kukana kwamba ameona, kama mvaaji anavyoweza kukana kwamba amesema. Foronya haitoki. Ina msomaji mmoja, naye akishaisoma huilalia, kichwa chake kikafunika maneno yale yale yaliyomlenga. Ni nadra kupata utungo mwingine unaofumbwa na msomaji wake kwa kule kuutumia tu.

Sheria za utungo huu hutoka kwenye sindano. Kitambaa, kiwe marekani, poplini au tetroni, hukatwa, hunyooshwa kwa pasi ya mkaa, na mchoro huhamishwa kwa penseli au karatasi ya kaboni. Kisha hubanwa kati ya pete mbili za mti ili kikaze kama ngozi ya ngoma. Herufi hushonwa kwa mshono wa shina au wa mnyororo. Petali za maua hujazwa kwa nyuzi zilizolazwa sambamba. Mgongo wa foronya haufungwi kwa vifungo: huachwa ulimi wa kitambaa unaoingia ndani na kuumeza mdomo wa mto, uwe wa sufi au wa vipande vya sponji. Mwisho huja rinda au lesi ya pindo.

Katika kazi hiyo msomaji wa mashairi aangalie nafasi. Foronya yenye urefu wa sentimita 70, ikiachiwa sentimita 8 kila upande, hubakiwa na 54 za maneno. Herufi inayokula sentimita 3 pamoja na mwanya wake huruhusu nafasi 18. "Lala salama mpenzi", pamoja na nafasi mbili kati ya maneno, ni 18 barabara. "Usiku mwema mpenzi" nayo ni 18. Kwa hiyo mshonaji ana mizani mbili, moja ya sikio na moja ya rula, na maneno yaliyodumu ni yale yanayozitosheleza zote. Asiyepima huonekana: herufi zinaanza kwa fahari upande wa kushoto, zikifika katikati zinasongamana, na "mpenzi" wa mwisho anajikunja pembeni kama abiria aliyechelewa. Kosa hilo ni sawa na la mtunzi anayelazimisha kina, na linafaa kuhukumiwa kwa ukali ule ule.

Kadhalika maneno hayakai katikati. Uzi uliofumuka juu ya kitambaa huukera uso na kuliachia shavu alama hadi asubuhi, ndiyo maana mshonaji hodari huyapeleka kwenye ukingo wa juu na maua kwenye pembe, akiuacha uwanja mtupu mahali pa kichwa. Weupe ule usiodariziwa ni sehemu ya utungo kama kilivyo kituo katika ubeti. Walioujaza kitambaa chote kwa waridi wameshona pazia.

Na waridi ni lalamiko la pili. Michoro hunakiliwa kutoka vitabuni au kwenye foronya za shangazi, na ua linalorudiwa zaidi ni lile la vitabu vya Ulaya. Mkoa huu umeishi kwa buni kwa vizazi. Ua la mbuni ni jeupe, hutoka kwa mkupuo baada ya mvua, na harufu yake ni ya jamaa ya asmini. Msomaji wa Unguja, anayejua asmini inavyotandazwa juu ya kitanda cha harusi, angelielewa bila mkalimani. Kulishona jeupe juu ya jeupe ni kazi ngumu, lakini ndiyo kazi ambayo kipaji cha Kagera kingeitwa kuifanya.

Sebuleni mambo hulegea. Katika msonge wa Kihaya, heshima ya mgeni ilikuwa majani mabichi yaliyotandazwa sakafuni. Nyumba za bati na makochi zilipoingia, majani yaliachia nafasi vitambaa vya kufuma na mito ya kudarizi. Kilichobadilika ni malighafi, kwani wajibu wa mwenye nyumba ulibaki. Kama maandishi, mito hii ni dhaifu. "Karibu mgeni" inasema kile ambacho mto wenyewe umekwisha kusema kwa kuwapo. Zile zinazoletwa zimechapwa tayari, zenye zipu na mioyo na Kiingereza, zinaweza kurukwa bila hasara.

Swali gumu zaidi ni la lugha. Nyumba hizi husema Kihaya. Mama humwamsha mtoto kwa Kihaya, mume na mke hugombana na kupatana kwa Kihaya, lakini mto, ulio karibu na sikio kuliko kitu chochote, mara nyingi husema Kiswahili. Sababu moja ni ya kishule: sindano na herufi zilifundishwa chini ya paa moja, katika shule za misheni na za serikali, na baadaye katika madarasa ya watu wazima. Mradi wa kisomo ulioendeshwa kutoka Mwanza kuanzia mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO uliihusu pia Ziwa Magharibi, kama Kagera ilivyoitwa hadi 1979, na miongoni mwa mada za vitabu vyake yalikuwamo maarifa ya nyumbani. Sababu ya pili ni ya kisanaa. Lugha ya nje huupa ukaribu stara. Neno "mpenzi", likiwa la Kiswahili, linaweza kukaa kitandani kama mgeni mwenye adabu. Tafsiri yake ya nyumbani ingekuwa uchi mno kuandikwa. Kiswahili hapa kinafanya kazi ya shela.

Maneno ya ufundi wenyewe yalikuja kwa njia hiyo hiyo. Foronya ni ya Kireno, cherehani na takia ni za Mashariki, darizi imepitia kwa Waajemi na Waarabu. Pwani iliyapokea, ikayazoea, ikayapandisha bara.

Kuna kiungo kingine kati ya Kagera na pwani, nacho kiko katika maktaba. M. M. Mulokozi, mwana wa Kagera, alitoa pamoja na K. K. Kahigi diwani ya Malenga wa Bara mwaka 1976, jina ambalo lenyewe lilikuwa hoja dhidi ya waliodhani malenga huzaliwa kwenye chumvi tu. Mwaka 1986 alikamilisha utafiti wake mkubwa juu ya tenzi za nanga za Wahaya. Mwaka 1999 akatoa Tenzi Tatu za Kale, na mmoja wa tatu hizo ni utendi wa Mwana Kupona, unaokadiriwa kutungwa mwaka 1858, ambamo mama wa Pate humwusia bintiye, pamoja na mengine, namna ya kumtunza mume anapolala. Nanga, ambayo kwa kawaida ilipigwa na wanaume mbele ya watu, imepata mtafiti. Mwana Kupona, aliyeandika, amepata wahariri kadhaa. Mwanamke wa Muleba anayesema juu ya usingizi huo huo kwa mizani 8 zile zile, kwa uzi badala ya wino, hajapewa nafasi katika diwani yoyote.

Wala si jambo dogo kwamba utungo huu una mwenyewe. Kwa mila ya Kihaya, kama ilivyoandikwa katika tangazo la sheria za mila la mwaka 1963, mwanamke hakuwa na uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1988 mwanamke mmoja aliuza shamba alilorithi kwa baba yake. Mtoto wa ndugu yake akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, akidai uuzaji huo ubatilishwe. Shauri lilifika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Foronya zinazozungumzwa hapa zilianza kushonwa kabla ya hukumu hiyo. Migomba ilikuwa ya ukoo, mibuni ilikuwa ya ukoo, na fedha ya buni ilipita mikononi mwa mume. Kitambaa na nyuzi viliweza kununuliwa kwa fedha ya njugu na maharage, mazao ambayo mwanamke aliyalima mwenyewe. Maneno yaliyoshonwa juu yake hayakuwa na ukoo. Mjane aliyeambiwa aondoke kwenye kibanja aliweza kuzikunja foronya zake na kuziweka kichwani.

Wajane walikuwa wengi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuthibitishwa Tanzania walipatikana Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi iliyofuata hapakuwa na dawa ya kuwarefushia maisha. Jozi nyingi zilivunjika. Ushairi wa pwani una maneno ya kilio kwa hali kama hiyo, na nanga ina yake. Foronya haikuhitaji kuongeza neno. Utao ulibaki bila ukwapi. "Usiku mwema mpenzi" ilibaki kitandani ikiwa jibu lisiloulizwa, na mara nyingine aliyelala juu yake alikuwa mjukuu, kwa kuwa katika nyumba nyingi bibi ndiye aliyebaki kulea.

Kitambaa kizuri hakitupwi. Foronya ikichakaa upande mmoja, upande ulio mzima hukatwa mraba na kushonwa upya kuwa mto wa kochi. Mraba wa kawaida una sentimita 40. Kati ya sentimita 54 za "Lala salama mpenzi", maneno mawili ya kwanza pamoja na mwanya wao yanachukua 33, yanaingia na kubakiza ukingo wa kutosha kila upande. Mkasi hupita kabla ya "mpenzi". Kinachopelekwa sebuleni, mbele ya wageni, ni "Lala salama": mizani 5, bila kina.